Baraka Inayomnyima Jirani Usingizi

Neno la msingi: Methali 27:14; Mathayo 12:15–21; 1 Wakorintho 10:23–24



Jumapili iliyopita tulisimama tukampigia Bwana makofi kwa ajili ya tamasha letu la mtaa. Mlikuwepo, mliona. Siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili, barabara ya mbele ya kanisa ilijaa mahema. Kina mama waliuza chapati na pilau, vijana wakauza mitumba, watoto wakarukaruka kwenye lile puto kubwa, kwaya zikaimba, Neno likahubiriwa, watu wakaokoka. Hesabu ilifungwa tukiwa na ziada, na ziada hiyo inalipa karo ya muhula wa tatu kwa watoto kadhaa wa washirika wetu. Ripoti niliisoma mimi mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika. Kabla ya kuitwa kwenye huduma nilisomea biashara, na mambo ya hesabu huwa yananiangukia.

Leo nataka kuwaambia kwamba ile hesabu haikuwa kamili. Msishtuke, hakuna aliyeiba. Lakini kuna mtu alichangia tamasha letu na jina lake halimo kwenye orodha ya wachangaji. Hakuulizwa. Alikatwa tu.

Mlango wa tatu

Jumatatu nilitoka na dada mmoja wa kwaya tukazunguka ploti za jirani kukusanya shuhuda, ili tuzichape hapa. Mlango wa kwanza mama alitusifu mpaka tukaona haya. Mlango wa pili hatukupata mtu. Mlango wa tatu ulifunguliwa na kaka mmoja mwenye macho mekundu. Akasema, "Karibu, Pasta. Lakini mimi sina ushuhuda."

Huyu kaka ni soja. Analinda geti la nyumba fulani kule Lavington, kazi ya usiku. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anatembea mpaka nyumbani, analala mpaka saa tisa, jioni anarudi kazini. Sisi spika tuliwasha saa tatu asubuhi. Nyumba yake ni ya mabati, na spika moja ilikuwa hatua kama kumi kutoka ukutani kwake, kwa sababu fundi wetu wa mitambo alisema pale ndipo sauti inafunguka vizuri. Ijumaa hakulala. Jumamosi hakulala. Usiku wa Jumamosi akasinzia getini, supavaiza akampata, akakatwa pesa ya siku mbili.

Halafu akasema neno ambalo sijaweza kulisahau: "Pasta, mimi sina ubaya na Mungu wenu. Lakini siku tatu mlikuwa mnaomba nipate baraka, na mimi nilikuwa naomba tu mzime."

Mungu wenu. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa jirani tunayesalimiana naye njiani. Tulifanya tamasha ili mtaa umkaribie Mungu, na huyu mmoja tulimsogeza mbali.

Tulipokuwa tunaondoka, mtoto wa ploti ya nyuma akamwambia dada wa kwaya kwamba Jumamosi mama yake alibeba maji mwenyewe kutoka mbali, kwa maana mkokoteni wa maji haukuweza kupita. Barabara tuliifunga sisi. Yule mama hakulalamika kwa mtu yeyote. Wengi wao hawalalamiki. Ukienda kwa mtu na Biblia mkononi, atakuambia "tunashukuru, Pasta", na utarudi ukidhani mambo ni sawa.

Nani alilipa?

Swali ni hili, na ningependa tulikalie badala ya kulikimbia: mtu akifanya jambo jema, tena jema kweli, je, ana haki ya kumtoza gharama mtu ambaye hakumuuliza?

Kule shuleni tulifundishwa kwamba kuna gharama ambayo haiingii kwenye vitabu vya mwenye biashara. Kiwanda kinatengeneza sabuni, moshi unaingia nyumbani kwa jirani. Mwenye kiwanda anahesabu mafuta, mishahara na usafiri, kisha anasema nimepata faida. Moshi hakuuhesabu. Jirani ndiye anaulipia, kwa kikohozi. Kwa hiyo ile faida si yote yake. Sehemu yake ni afya ya mtu mwingine iliyogeuzwa kuwa pesa.

Sasa rudini kwenye ripoti yangu. Niliandika mahema, jenereta, spika, vyakula, usafiri wa wageni. Sikuandika siku mbili za soja. Sikuandika mgongo wa yule mama wa maji. Tukasema tumebaki na ziada, na tukamshukuru Mungu. Kama tungeingia nyumbani kwa yule kaka tukachukua pesa zake mezani, hata kama ni za karo ya yatima, sote tungeita wizi. Tulipozichukua kwa spika, tuliita huduma.

Najua hilo ni neno zito. Nimelipima kabla ya kuliandika.

Baraka inayohesabiwa laana

Mwenye hekima katika Methali 27:14 anamzungumzia mtu anayeamka alfajiri na kumbariki mwenzake kwa sauti kubwa, na anasema baraka hiyo itahesabiwa kuwa laana. Wengi tukifika kwenye mstari huo tunacheka tu na kupita. Lakini angalieni vizuri. Hasemi yule mtu alitamka maneno mabaya. Maneno yalikuwa mazuri, na anayebarikiwa ni mwenzake. Kilichogeuza baraka kuwa laana ni saa na sauti. Yaani mbele za Mungu, namna ya kutoa kitu ni sehemu ya kile kitu.

Mimi nilikulia Kibera, karibu na reli. Wale wa Laini Saba mnajua: treni inapita karibu na milango, sufuria zinatetemeka, mtoto analala tu. Siku hizi nimejiuliza kwa nini treni haikutukasirisha kama spika ya jirani. Sababu moja ni kwamba treni hupita. Inakuja, inapiga honi, inaenda zake, na mtaa unarudi kwa wenyewe. Sababu nyingine ndiyo inayonisumbua zaidi. Treni haijawahi kusema inatupenda. Ni chuma tu, haikujui wala haidai kukujua. Lakini mtu anaposema "jirani, nakupenda kwa upendo wa Kristo", na anayasema kwa nguvu inayokuzuia kulala, unaanza kuuliza huo upendo unamwona nani. Kelele ya asiyekujua inaumiza masikio. Ile ya anayedai kukupenda inaumiza hata imani.

Tena kuna kelele nyingine niliyoikulia. Kule Makina, ndugu zetu Wanubi wakifanya harusi, ngoma ya doluka ilikuwa inapigwa na sisi watoto tunakimbilia huko. Ilikuwa kelele, tena kubwa. Lakini siku kadhaa kabla, mama wa harusi alikuwa ameshapita nyumbani kwetu kutuambia, na siku yenyewe sahani ya chakula ilituletewa, sisi ambao hata si wa dini yao. Mama yangu hakuwahi kusema "wanatupigia kelele". Alisema "tuna harusi". Oneni tofauti hiyo. Ngoma ni ileile, saa ni zilezile, ila mtu ameulizwa na amehesabiwa kuwa ndani.

"Lakini, Pasta…"

Baada ya ibada ya Jumatano niliwaambia wazee haya, na nikapata majibu. Ni majibu ya haki, tuyapitie.

La kwanza: "Na vilabu je? Baa zinapiga muziki mpaka asubuhi na hakuna anayewagusa." Mnakumbuka Novemba 2022, Gavana Sakaja alipotangaza kwamba leseni za vilabu vya usiku vilivyo kwenye makazi ya watu zinafutwa? Wengi wetu tulisema amina. Wenye vilabu walipojitetea kwamba kuna wahudumu, mapishi na wanamuziki watakaokosa kazi, sisi tuliwajibu kwamba riziki ya mmoja haipaswi kulipwa na usingizi wa mwingine. Tulijibu vizuri. Shida ni kwamba Yesu alisema kipimo tunachopimia wengine ndicho tutakachopimiwa (Mathayo 7:2). Hatuwezi kuwa na kipimo kimoja cha baa na kingine cha madhabahu. Na kama shetani hapunguzi sauti, kwani tangu lini yeye ndiye mwalimu wetu wa ujirani?

La pili: "Paulo na Sila waliimba usiku wa manane, na Mungu akatikisa gereza." Kweli, Matendo 16. Lakini tusome vizuri. Wale wawili walikuwa wamepigwa na miguu yao imefungwa. Waliimba kwa mapafu yao wenyewe, na Luka anatuambia wafungwa wengine walikuwa wanawasikiliza. Gharama ya ule wimbo ilikuwa migongoni mwa waimbaji. Kwetu sisi ilikuwa mgongoni mwa msikilizaji. Na tukitaka kulinganisha sauti na nguvu za Mungu, twende mlima Karmeli, 1 Wafalme 18. Waliopiga kelele tangu asubuhi ni manabii wa Baali. Maombi ya Eliya yalikuwa mafupi, mistari miwili tu, na moto ukashuka. Mungu wetu si mgumu wa kusikia.

La tatu ndilo gumu, na aliyelisema ni mzee ninayemheshimu sana: "Pasta, huu ni mtaa. Ukimya ni wa matajiri. Ukianza kudai ukimya hapa, utawafukuza maskini wote barabarani."

Amesema kweli, na sitaki mtu aondoke na makala hii akidhani ninahubiri ukimya. Ukivuka kutoka Kawangware kuingia Lavington, unavuka kutoka kelele kuingia utulivu kwa dakika chache za kutembea. Watu wa kule si watakatifu kutuzidi. Wana nafasi tu. Ua, ukuta wa mawe, miti, umbali kati ya nyumba na nyumba: utulivu kule umenunuliwa pamoja na shamba. Huku kwetu mtu anakohoa na jirani anamwambia pole.

Hata sheria haikutuwaza sana. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zile zinazosimamiwa na NEMA, zinaweka kiwango cha desibeli 55 mchana kwa eneo lenye makazi na biashara pamoja, na 35 usiku, na usiku wenyewe unaanza saa mbili. Kwa maeneo ya ibada ni 40 mchana. Watu wawili wakizungumza kawaida hufikia kama 60. Ukichukua namba hizo kama zilivyo, tukisema tu "Bwana asifiwe" tumeshavunja sheria! Tena tazama: sheria inalinda zaidi usiku, na yule soja analala mchana. Spika zetu zingekuwa na kibali chenye mihuri yote na bado angekatwa siku mbili.

Kwa hiyo namba peke yake haitatuokoa. Lakini kanuni hizohizo zina jambo moja la hekima. Katika kuamua kama kelele imezidi, zinauliza pia kama aliyeipiga angeweza kuidhibiti bila taabu au gharama kubwa. Hapo ndipo dhamiri yangu ilinikamata. Fundi wa kuchomea vyuma pale Congo hawezi kuchoma kimyakimya. Makanga lazima aite abiria. Muuzaji wa Toi ataita wateja, la sivyo watoto wake walale njaa. Bartimayo alipiga kelele barabarani, watu wakamwambia anyamaze, na Yesu akasimama kwa ajili yake (Marko 10). Kilio cha mwenye shida hakizimwi na mtu wa Mungu. Lakini sisi hatukuwa Bartimayo. Ile spika tungeigeuza upande mwingine kwa dakika tano, bila hata shilingi moja. Hatukuigeuza kwa sababu hatukuuliza, na hatukuuliza kwa sababu tulijua nia yetu ni njema. Nia njema ndiyo ilitufunga macho. Mwenye baa angalau anajua kuna mtu anamchukia.

Bwana barabarani

Mathayo 12 inatupa picha ya Yesu ambayo hatuihubiri mara nyingi. Amewaponya wengi, umati unamfuata, na yeye anawakataza wasimtangaze. Mathayo anasema hivyo lilitimia neno la Isaya kuhusu mtumishi ambaye hatapaza sauti yake njiani. Si kwamba Bwana hakuhubiri nje. Alihubiri mlimani, alihubiri kutoka kwenye mashua. Lakini watu walikuwa na nafasi ya kumfuata, na walikuwa na nafasi ya kuondoka. Yule kijana tajiri aliondoka na huzuni yake, na Bwana hakumfuata na maiki.

Mstari unaofuata unazungumzia mwanzi uliopondeka, kwamba hatauvunja. Nilikuwa nikihubiri huo mwanzi kama mtu aliyevunjika moyo, na ni sawa. Lakini tangu Jumatatu ile nauona ni mtu anayerudi kutoka kazi ya usiku asubuhi, anavua buti, anajilaza nyuma ya ukuta wa mabati. Ndani ya Mathayo mistari hiyo miwili inafuatana: haipazi sauti njiani, hauvunji mwanzi. Nadhani ni jambo moja.

Paulo anawaambia Wakorintho kwamba kitu kinaweza kuwa halali na bado kisijenge, na kwamba mtu asitafute faida yake bali ya mwenzake. Ukiniuliza kama mtu wa hesabu, huo ndio ukaguzi. Kabla ya kusema tumepata ziada, uliza nani alilipa, na kama alijua.

Tulichoamua

Wazee waliniruhusu tumrudishie yule kaka pesa ya siku mbili. Haikuwa rahisi. Mmoja aliuliza, "Tukianza kulipa, si kila mtu ataleta bili?" Nilijibu kwamba kama kila mtu ana bili, basi tuna deni kubwa kuliko tulivyodhani. Nilimpelekea. Alipokea, akasema asante, akafunga mlango. Kanisani hajaja. Sijui kama atakuja, na hatukumlipa ili aje. Tulimlipa kwa sababu zilikuwa zake.

Kuanzia sasa, hapa Kawangware na kule Kibera, tutafanya hivi. Kabla ya mkutano wowote wa nje, wazee wawili watapita ploti kwa ploti wiki moja mbele, kuuliza na si kutangaza: nani ni mgonjwa, nani ana mtoto mchanga, nani analala mchana. Spika zitaelekea ndani, kwa waliokuja. Sehemu ya barabara itabaki wazi kwa mkokoteni na kwa mgonjwa. Kesha za Ijumaa zinaendelea, lakini saa nne usiku mitambo inazimwa, tunaomba kwa sauti tulizopewa na Mungu. Kibali cha kaunti tutachukua, ila tusikifanye kuwa ndiyo mpaka wa upendo.

Mnakumbuka mwaka 2018 serikali ya Rwanda ilifunga makanisa zaidi ya 700 mjini Kigali, na kelele ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa. Wengine walisema ni mateso. Sitaki kuhukumu ya kule. Ninachosema ni kwamba itakuwa aibu tukifundishwa na askari jambo ambalo Methali ilitufundisha bure.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni jambo gani jema unalofanya nyumbani, kazini au kanisani, ambalo mtu mwingine analilipia bila kuulizwa?
2. Ukiwa na jirani anayekusumbua kwa kelele, umewahi kumwambia kwa upole, au umemsema kwa wengine tu?
3. Wiki hii, taja majirani watatu wa karibu na saa wanazolala. Kama huzijui, nenda ukaulize.

Tuombe: Bwana, tusamehe pale tulipolitaja jina lako kwa nguvu na tukamsahau uliyemwumba nyuma ya ukuta. Tupe furaha isiyomgharimu jirani bila ridhaa yake. Mkumbuke ndugu yetu anayelinda geti usiku wa leo, na asubuhi umpe usingizi. Katika jina la Yesu, amina.

Pasta msaidizi